Bango Ulilonitumia

Ohio, Mei

Kaka Delbert,

Miche ya nyanya imeshika, na mbwa wako mzee bado anakungoja mlangoni.

Jana nilikwenda kwenye kura ya mchujo. Karani, jirani yetu Arlene, akaniuliza mbele ya watu, "Unataka karatasi ya kura ya chama gani?"

"Sina chama. Nipe ile isiyo na wagombea, yenye swali la kulinda mto tu."

Mtu nyuma yangu akacheka: "Bibi huyu hana msimamo!"

Miaka kumi napigania mto huu usitiwe sumu, na vyama vyote viwili vinakula meza moja na wenye kiwanda kinachomwaga sumu hiyo.

Nawe unasema hukanyagi kwangu mpaka nisimamishe bango la chama chako. Nimelisimamisha, kaka. Linaziba tundu la banda la kuku. Kuku wameshalinyea, wala hawakuuliza ni la chama gani.

Dada yako,
Wilma