Baba, Tuzo ya Mwaka wa Nne Bado Haijarekebishwa

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu ulipotuacha, na bado watu wanatuuliza Ombui Kebaso, karani wa mizani wa kituo cha chai cha Boito, alihusika vipi na tamasha la filamu. Wewe ndiye uliyelianzisha! Ulifunika madirisha ya ukumbi wa kanisa kwa magunia, ukaziandikia nchi zinazolima chai, na filamu zikaja kutoka Sri Lanka, Vietnam, hata Georgia.

Namna ya kupata mshindi uliibuni mwenyewe. Kila mtazamaji alitia konzi ya majani mabichi ya chai kwenye kikapu cha filamu aliyoipenda, nawe ukapima mbele ya wote. Hukumpunja mtu hata gramu moja. Nyumbani ulitupimia hadi sukari, tukakucheka, nawe ukacheka nasi.

Lakini mwaka wa nne kikapu cha filamu ya mgeni mmoja wa ng'ambo kilisahauliwa nje, kikanyeshewa. Wewe, uliyekuwa ukikata uzito wa maji kila siku kazini, siku hiyo hukukata, eti mgeni anawahi ndege. Chepkosgei, binti aliyeleta filamu yake kutoka Ndanai, akashindwa kwa nusu kilo. Jioni ulituambia, "Nitarekebisha." Ukasema hivyo miaka sita. Tunakupenda, Baba, lakini kwa hili umetuudhi.

Kamati nayo imetuchosha. Mama amekwenda mara tano kuomba matokeo yale yarekebishwe, na kila mara mwenyekiti wao, Robert, anamjibu lile lile: "Mama, historia ya festival imeshachapishwa. Tukianza kufungua hizo mambo, hata wageni watatukimbia." Katika kitabu chao jina lako limo mara moja tu, kwenye orodha ya waliopanga viti.

Jumamosi iliyopita tuliona aibu imetosha. Tulikwenda Ndanai wenyewe, tukamkuta Chepkosgei akikamua ng'ombe. Hajatengeneza filamu nyingine tangu mwaka ule. Tukamweleza yote na kumwomba msamaha kwa niaba yako. Alimaliza kukamua kwanza, ndipo akamgeukia Mama.

"Hiyo kikapu niliona ikitoa maji, Mama. Nilikuwa nangojea tu mzee aniambie mwenyewe."

Unakumbukwa na mkeo Nyambeki, wanao Duke, Velma na Janefer, pamoja na wajukuu zako wote. Hatutakusahau kamwe, Baba. Laiti ungemwambia.