Baba Haoni Pembeni

S.L.P. 417,
Nyumba za nyuma ya kiwanda cha mabati,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi. Kile kikohozi ulichokuwa nacho mara ya mwisho tulipoongea natumaini kimekuachia. Wifi anaendeleaje na mgongo wake? Na wale mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Huku sisi ni wazima, tunakula, tunakwenda kazini. Pale karakana ya mapazia nimebadilishiwa cherehani, nimepewa isiyopiga kelele, na sasa ndiyo nasikia wenzangu wanavyosengenya. Shemeji yako naye bado anapanda nguzo za umeme na bado anasahau kofia yake nyumbani.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu sebule na chumba cha Baba vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na haya ninayotaka kukueleza sitaki ayasikie nikiyasema. Hakuna aliyefariki. Nakutangulizia hilo ili usome kwa utulivu.

Unakumbuka tulikubaliana kwamba Baba akitimiza miaka sabini tumpeleke baharini. Tulikwenda mwezi uliopita, siku nne, kabla shule hazijafunguliwa. Tulikuwa mimi, shemeji yako, Baba, na binti yetu Pilipili, ambaye sasa ana miaka tisa na mdomo wa mtu wa hamsini. Siku mbili za kwanza zilipita vizuri. Baba alikaa kwenye kiti cha turubai amevaa soksi, akasema bahari ni nzuri ila haina kituo cha kushuka.

Siku ya tatu Pilipili aliona tangazo ukutani pale mapokezi ya hoteli: ziara ya saa mbili kwenye vilima vya mchanga, mnaongozwa, mnaendesha wenyewe vigari wanavyoviita bagi. Kama hujawahi kuviona, ni mabomba yaliyopindwa yakawa kizimba, ndani viti viwili na mikanda ya kuvuka mabega. Hakuna mlango wala kioo, na magurudumu yake ni manene kuliko kigari chenyewe. Mtoto alisema hapandi na baba yake, kwa sababu baba yake anaendesha kama amebeba mayai. Atapanda na babu. Baba alicheka mpaka akajipangusa machozi. Mtu aliyeitwa Gia Tano na madereva wenzake miaka thelathini na minane, unadhani angekataa?

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaushwa na jua, mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Alitukagua mikanda mmoja mmoja, akatuvalisha kofia ngumu na miwani ya vumbi, akatufundisha ishara zake. Mkono juu, simama. Mkono kulia, kata kulia. Ukiona kibendera chekundu kando ya njia, upande huo usiende. Mwisho akauliza kama kuna mtu mwenye shida ya moyo, ya mgongo, mjamzito, au mwenye shida ya macho. Mimi nikajibu kwamba hakuna. Kaka, nilijibu kwa niaba yetu sote, na Baba alikuwa ameinama pembeni yangu anafunga kamba ya kiatu.

Sitakudanganya, mwanzo ulikuwa mtamu. Mwongozaji mbele, nyuma yake bagi ya wachumba wawili, kisha Baba na Pilipili, kisha sisi. Tulipanda vilima tukashuka, mchanga ukatujaa mpaka kwenye meno. Nilimwona Baba mbele yangu mgongo umenyooka, anashika usukani kwa vidole kama alivyokuwa akishika ule wa basi. Nikamwambia shemeji yako kwamba mzee amerudi ujana.

Saa moja hivi ilipopita tulifika mahali njia inapokata kulia kukwepa korongo lililochimbwa na mvua. Kibendera kilikuwa kimechomekwa upande wa kushoto, kwenye ufito unaonifika kifuani. Mwongozaji akanyoosha mkono akakata kulia. Wale wachumba wakakata, wakapotea nyuma ya kilima. Baba alinyoosha moja kwa moja. Aliulaza ule ufito kwa gurudumu la kushoto bila kupunguza mwendo hata kidogo, kama mtu aliyekanyaga jani. Sikusikia breki. Bagi yao ikainama, ikalala ubavu, ikateleza kuelekea chini, na nikaona magurudumu mawili yanazunguka hewani.

Sijui nilishukaje. Ninachokumbuka ni kwamba mkanda ulinikatalia kufunguka nikawa naupiga ngumi, na shemeji yako akanifungulia kwa mkono mmoja. Pilipili alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake, macho wazi, kimya. Mtoto huyo anyamaze. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mfupa wa bega ulipata ufa. Sasa hivi anaendelea vizuri, kitambaa cha kuning'inizia mkono wamemwondolea juzi, usiwe na wasiwasi. Baba alichubuka kiwiko tu.

Tulipomtoa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameniingilia?"

Nikamwambia hakuna aliyemwingilia. Akasema kuna mtu amemkata kwa kushoto, ghafla, bila taa wala honi. Alilisema mara tatu, na kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Mwongozaji ndiye aliyenivuta kando wakati shemeji yako anambeba mtoto. Akaniambia, "Dada, samahani kwa nitakalosema. Mzee wako haoni pembeni. Pale mwanzo nilimpa miwani nikiwa ubavuni kwake, hakuona mkono wangu mpaka nilipomgusa. Nilifikiri ana mawazo tu. Nilipaswa kumkataza." Nikamjibu kwamba aliuliza, na mimi ndiye niliyemjibu.

Zahanati ya pale ni vyumba vitatu na benchi moja ndefu kwenye ukumbi. Shemeji yako aliingia na mtoto kupigwa picha ya mfupa, mimi nikabaki na Baba kwenye benchi, nimekaa kushoto kwake. Nilikuwa na kikombe cha maji. Nikakinyoosha kwake, usawa wa bega, nikanyamaza. Yeye anatazama ukuta. Nilihesabu mpaka ishirini, mkono umeanza kuuma. Nikasema, "Baba." Akageuza kichwa chote, shingo na mabega, ndipo akakiona kikombe. Akanitazama usoni, akaelewa nilichokuwa nafanya.

Akakipokea akanywa. Kisha akanieleza, taratibu, kama anaripoti gari bovu. Ni presha ya macho. Daktari alimwambia mwaka jana mwezi wa pili. Alipewa dawa ya matone, akaitumia miezi miwili, ikawa inamwasha, akaiacha. Karatasi ya hospitali ameificha ndani ya kitabu cha safari cha basi lake la zamani, maana anajua hakuna anayekifungua. Daktari alimwonya kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu.

Nikamuuliza ilikuwaje aendelee kuendesha. Akasema, "Mbele naona vizuri kabisa. Barabara iko mbele."

"Watoto hawatokei mbele tu, Baba," nikamwambia.

Hapo ndipo alipoweka uso kwenye viganja. Tangu Mama atutoke sijamwona akikaa hivyo. Nawe unajua nilikuwa nawaza watoto gani. Kila asubuhi, siku tano kwa wiki, Baba anaendesha lile basi dogo la chekechea. Watoto kumi na tisa. Nikaanza kukumbuka mambo: nguzo ya kushoto ya geti letu inavyochubuliwa kila mara, anavyogongana na watu sokoni halafu anawafokea, anavyogeuza kichwa kama kuku. Mimi na shemeji yako tulikuwa tunamcheka. Nilikuwa namwigiza mbele ya Pilipili, Kaka. Nilikuwa naigiza upofu wa baba yangu.

Pale kwenye benchi aliniomba mambo mawili. La kwanza, nisikwambie wewe. La pili, nimwachie amweleze mwalimu mkuu mwenyewe, kwa mdomo wake, asije akafukuzwa kama mwizi. La pili nilikubali. Nikampa mpaka Ijumaa ya wiki ile tuliyorudi, maana shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu inayofuata.

Ijumaa alirudi nyumbani akasema ameshaongea naye, wamepeana mikono, wanatafuta dereva mwingine. Nilifurahi, nikampikia chakula anachopenda. Jumatatu nilitoka mapema kuliko kawaida kuwahi karakana, na pale njia panda ya soko likanipita basi dogo la chekechea. Baba yuko kwenye usukani, amevaa shati lake la mikono mirefu lililopigwa pasi. Nilikuwa kushoto kwake, hatua nne tu, nimeinua mkono. Hakuniona.

Sikwenda kazini. Nilikwenda shuleni kwa miguu, nikapita njia ya mkato kule nyuma ya bohari, njiani nikiwa najiambia kwamba nitamsubiri getini nimpe nafasi moja zaidi. Nilipofika basi lilikuwa limeshaegeshwa, watoto wanashuka wakimpungia mkono, anawaita kwa majina yao ya utani, hakosei hata moja. Nilikaribia kurudi. Kisha mmoja akapita mbio ubavuni mwa basi kufuata kikombe chake kilichobingirika, na Baba akaanza kurudisha gari nyuma kulipanga vizuri. Mlinzi alipiga kelele, Baba akasimama. Hakuna kilichotokea. Nikaingia ofisini.

Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho; Baba hakuwa amemwambia lolote. Hakunigombeza wala hakunipa pole. Alifunga daftari la mahudhurio akasema, "Leo amewaleta wote kumi na tisa." Halafu akainuka kwenda kumwita.

Sikuthubutu kubaki. Nilitokea mlango wa jikoni kama aliyeiba.

Tangu siku hiyo Baba hakusema nami. Alikuwa anakula chumbani. Salamu zangu alizijibu kupitia kwa Pilipili. Mtoto akiniuliza babu kakasirika nini, namwambia kachoka. Dawa anatia, hilo nalijua kwa sababu shemeji yako ndiye anayemwekea matone asubuhi na jioni, na kwake hana kinyongo. Kinyongo ni changu peke yangu. Mara nyingine nikiwa kwenye cherehani naona bora angechongewa na mtu baki. Nilimwachia Mama ahadi kwamba nitamtunza, na huku kutunza kwenyewe ndiko nilikomwondolea kitu alichokuwa akiamkia.

Juzi Ijumaa alasiri likasimama basi dogo mlangoni kwetu. Dereva mpya ni mama mmoja wa makamo, zamani alikuwa anaendesha lori la maziwa. Alikuja kuomba msaada: hakuna aliyeandika vituo vya watoto popote, vyote viko kichwani mwa mzee, na wazazi wawili wameshalalamika kupitwa. Baba alimwacha asimame mlangoni muda mrefu kupita adabu. Kisha akavaa viatu, akatoka naye. Nilichungulia dirishani nikamwona anazunguka basi, mkono unapapasa bodi, anafungua mlango wa abiria, anakaa. Walizunguka vituo vyote.

Aliporudi nilikuwa namenya viazi. Akasimama karibu nami, upande wangu wa kulia, akageuza shingo yote mpaka akanipata.

"Yule mama anakanyaga breki kama anaua mende," akasema.

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku kumi na moja. Nikamuuliza kama anaona atafaa. Akafikiri, akasema atafaa, anatazama vioo vyote. Akachukua kiazi akaanza kumenya. Sisemi amenisamehe. Bado anakula chumbani.

Atakupigia simu, najua, na atakwambia kwamba nimemfukuzisha kazi. Mjibu vyovyote moyo wako utakavyokutuma, ila usimwambie kwamba nilikosea, kwa sababu atakuamini wewe. Ukitaka kunilaumu, nilaumu mimi kwa barua. Na kama unaweza kuja hata wiki moja, njoo.

Sasa lipo jambo ambalo sikutaka kuanza nalo. Jumatano, akiwa bado hanisemeshi, nilimpeleka Baba kliniki ya macho, na daktari akaniuliza tumezaliwa wangapi. Anasema ugonjwa huu hutembea ndani ya damu, na watoto wa mgonjwa wote wanapaswa kupimwa, wajisikie wazima wasijisikie wazima, kwa kuwa hauumi wala haupigi hodi. Akanikalisha kwenye kile kiti akanipima palepale. Jicho langu la kushoto presha yake iko juu. Nimeanza matone. Yanawasha kweli, Baba hakusema uongo.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie ajifunge mgongo asinyanyue ndoo. Mapacha wabusu kwa ajili ya shangazi yao. Shemeji yako anakusalimu, na Pilipili anasema mjomba ukija umletee kitu kisichokuwa nguo. Mungu akulinde huko uliko, wewe na wote walio chini ya dari yako.

Kaka, wewe unaendesha kreni, na watu wanatembea chini yako kutwa nzima. Najua wakikuta kitu watakushusha. Ukiipata barua hii usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kapimwe, na majibu yoyote yatakayotoka, niandikie.

Dada yako akupendaye na anayekungoja.