Mguu wa Mama Hautaota, Mwalimu

Kaka yangu Mwalimu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezunguka mbuyu. Leo ni Jumatatu. Alhamisi asubuhi, hapa Arua, watamkata Mama mguu wa kushoto chini kidogo ya goti, na mtu ninayetaka kugombana naye juu ya jambo hili ni wewe, uliyelala kaburini nyuma ya nyumba yetu Pajulu mwaka wa pili sasa.

Unakumbuka ile likizo tulipokuja kwako Koboko, mimi na Mama, na nusu gunia la mahindi mabichi? Nyumba yako ya ualimu ilikuwa na kitanda kimoja, vitabu, na beseni la viluwiluwi katikati ya sebule. Mama alilitaka beseni afulie, ukamkatalia. Wewe, ambaye hukuwahi kumkatalia Mama kitu! Ulikuwa umewakata mikia kwa wembe kwa ajili ya somo, na kila asubuhi sote watatu tulichuchumaa pale kuangalia mikia inavyorudi. Ilirudi kweli, myembamba kwanza, halafu mizima. Mama alicheka peke yake mpaka uji ukaungua.

"Mwalimu, nani anaambia mkia irudi?" alikuuliza, kwa kile Kiswahili cha kambini alichokiokota kwa baba enzi za uaskari wake.

"Umeme, Mama. Mwili iko na umeme yake kidogo kidogo."

Kwa Mama uliongea kama yeye. Kiswahili cha vitabu ulinitunzia mimi, ukanikosoa hadi nikakuchukia, na ndicho ninachokuandikia sasa. Ukamweleza kwamba kila chembe ya mwili ina chaji yake ndogo, kama jiwe la redio, yaani betri. Ngozi ikipasuka, umeme huo huvuja pembeni mwa kidonda, na chembe nyingine huufuata ili zijue ziende wapi, zijenge nini na ziache lini. Ukasema kuna watu wanajifunza kuusoma umeme huo na kuubadilisha, hata chura mzee asiyeota tena mguu akaanza kuota.

"Na mutu?"

Hapo ndipo penye ugomvi wetu, kaka. Jibu ulikuwa nalo. Lakini Mama alikuwa ameinua uso, na wewe tangu utoto hukuweza kumpelekea habari mbaya, hata ya mtihani wa hesabu. Ukasema, "Ya mutu pia itafika, Mama. Utaiona na macho yako." Kisha ukatoka kwenda kununua sukari ya chai.

Siku ya mazishi yako Mama alikanyaga kaa la moto pale tulipopikia wageni. Hakuruka wala hakulia. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaua hisia za nyayo zake na hatukujua. Nilisikia harufu ndipo nikatazama chini. Tangu siku hiyo naufunga na kuufungua mguu ule. Kila baada ya siku moja nampakia kwenye bodaboda, namshika kiuno, tunakwenda mjini akaoshwe kidonda. Cherehani yangu nimeifunika shuka. Majirani wananiambia nina moyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakishasema hivyo wanaenda zao. Kuna siku nimeomba haya yote yaishe, kwa namna yoyote ile, na hilo sijamwambia mtu mwingine.

Mwezi uliopita muuguzi alipofungua bendeji, yalidondoka mawe mawili ya redio, yamevimba, yanavuja uchafu mweusi.

"Mama, hii ni nini?"

"Mwalimu alisema kidonda inataka umeme. Yangu imepunguka, nikaongeza."

Muuguzi aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mimi sikuweza kucheka. Ngozi ilikuwa imeungua pale yalipokaa usiku kucha. Baadaye daktari alisema si mawe yaliyouharibu mguu, mfupa ulikuwa umeoza zamani. Nilimwamini kwa sababu nilihitaji kumwamini.

Alipotamka neno kukata, nilijiandaa kwa vita. Mama akanyoosha kidole gumba, akatia alama kwenye karatasi papo hapo. Nilishangaa, nikashukuru. Nje, tukingoja bodaboda, aliniona nafuta macho.

"Usilie. Hii imeoza. Ikitoka, ingine itaota. Mwalimu alisema nitaona."

Nikanyamaza. Nilinyamaza siku nne. Nilimpikia uji, nikamkata kucha za mguu ule mwingine, nikaliacha neno lako lifanye kazi niliyoogopa kuifanya mimi. Alama ilikuwa imeshatiwa. Nilijiambia ataelewa akishapona. Ulimdanganya kwa sababu ulimpenda. Mimi nilimdanganya kwa uchovu, na sijui yupi kati yetu ni mbaya zaidi.

Jana baada ya kanisa aliniagiza nimnunulie viatu vya Krismasi. Vya kufunika vidole, alisema, kwa sababu mguu mpya utakuwa na ngozi laini. Hapo nikashindwa.

"Mama, haitaota. Ya mutu haijaota, hata mahali moja."

"Mwalimu alijua?"

Ningeweza kukuokoa, kaka. Siku zote nilikuokoa. "Alijua," nikasema.

Akageukia ukutani. Hakula mchana, hakula jioni. Nilikaa mlangoni nikiwaza kwamba sasa atakataa kukatwa, kidonda kitapanda, nami nitamzika kwa sababu ya ukweli niliouchelewesha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikaungoja huo mshindo.

Leo asubuhi aliomba chai. Akainywa yote, akanirudishia kikombe.

"Mukate hii mguu," akasema. "Mimi nataka kuishi."

Akaendelea, "Mwalimu hakupenda nilie. Tangu mtoto iko hivyo. Usimuchukie."

"Simchukii, Mama."

"Unamuchukia. Nasikia kwa sauti."

Sikubishana naye. Labda ni kweli, kidogo. Mtu uliyemzika ni rahisi kumchukia, hajibu, na Mama bado anakutaja kwa sauti ambayo sijawahi kutajwa nayo, mimi ninayemuosha. Nimekukosa pia, kama unataka kujua. Hakuna mwingine wa kunisahihisha barua hii.

Muuguzi alikuwa ameniambia nimwulize Mama jambo moja kabla ya Alhamisi. Watu wengi hapa huupeleka mguu uliokatwa nyumbani ukazikwe, na familia ndiyo huchagua mahali. Nilikuwa nimelikwepa swali hilo siku zote hizi. Nikaliuliza pale pale, kikombe mkononi, ili tumalize yote siku moja.

Hakufikiri hata kidogo.

"Weka kwa Mwalimu. Nilimubeba na hii mguu. Ikae na yeye, mpaka mimi nakuja na ile ingine."

Basi hiyo ndiyo habari yenyewe, kaka, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Alhamisi jioni nitauleta mwenyewe, umefungwa kwenye shuka safi. Nitachimba upande wako wa kulia, shimo dogo, sitakusumbua sana. Mpokee mama yako kwa hicho kipande kilichotangulia. Na safari hii, tafadhali, usiahidi kitu.

Mdogo wako,
niliyebaki na Mama