Bwana Maximilian Anasahau

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimemuua Brayan. Mara ya pili.

Mara ya kwanza alikufa kwa ajali ya helikopta. Wiki mbili baadaye akarudi na suti nyeupe, hana hata mkwaruzo, eti alikuwa Dubai. Helikopta yenyewe hatukuwa nayo — tulionyesha wingu na mlio. Nikauliza kikaoni: alitokaje humo? Huzefa akasema watazamaji hawaulizi. Wanauliza! Mama mwenye nyumba wangu aliniuliza juzi, kashika ufagio, kwa uchungu kabisa.

Huzefa ndiye prodyuza, ndiye mwongozaji, ndiye mwenye kamera. Kwao wana duka la vitambaa mjini. Yeye akagoma kukata vitambaa, akaanzisha tamthilia. Kwa hilo namheshimu. Lakini jamani! "Warithi wa Bigwa." Brayan na wenzake, vijana wa familia tajiri, jumba la kukodi chini ya mlima. Vanessa yuko kidato cha tatu na ni mkurugenzi wa kampuni ya meli. Meli, Morogoro! Hajawahi kushika daftari. Asubuhi wanakaa mezani mbele ya matofaa ya plastiki, kila mmoja anasema kachelewa, anaondoka bila kula. Wanakwenda wapi? Mimi ndiye mwandishi na sijui.

Sasa anataka mtu apoteze kumbukumbu. Nimekataa mbele ya wote. Nimesema kusahau hakuko hivyo, mtu haanguki kwenye zulia akamsahau mkewe halafu akakumbuka namba ya siri ya benki. Shakila alicheka — ndiye anayeigiza Vanessa, ana miaka ishirini na nne. Huzefa hakucheka. Anasema mimi naandika kama mwalimu.

Mimi NI mwalimu. Au nilikuwa.

Jumatano, 16 Julai

Baridi. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka getini. Tumerekodi sini moja tu kutwa nzima.

Mzee Ernest amekwama. Ndiye Bwana Maximilian, baba mwenye mali. Mstari wenyewe mfupi: "Vanessa, kuanzia leo wewe si mwanangu." Anafika "kuanzia leo", anasimama. Tunarudia. Anasimama palepale. Mara ya mwisho alimwangalia Shakila kama mtu anayesubiri kutambulishwa.

Sielewi. Huyu alikuwa Herode wa michezo ya Noeli parokiani tangu nikiwa mdogo, watoto tulikuwa tukimkimbia hata akitoka kanisani. Alipostaafu kiwandani Mzinga akaja kwetu na sauti ileile. Hakuwahi kukosa neno. Yeye ndiye alikuwa akiwanong'oneza wengine mistari yao.

Huzefa kakasirika. Anasema nimwandikie mzee ajali ya ndege, tumtoe. "Muue tu wiki ijayo, Rahel." Alisema hivyohivyo, anatafuna sambusa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda kwa mzee, kule Mzinga. Nilidhani ni malaria, au macho, hasomi vizuri. Nikabeba mkungu wa ndizi za Kinole ili nisionekane nimekuja kuchunguza.

Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika vizuri, akatania kwamba Bwana Maximilian hali ndizi, anakula matofaa ya plastiki. Tukacheka. Akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. Tukazungumza mvua. Akaniuliza kama nimeolewa. Nikajibu tena. Mkewe Josephina, kwetu Mama Josephina, akaniita jikoni nimsaidie kumenya.

Hakukuwa na cha kumenya. Akasimama kagusa meza. Akasema hospitali wameshamwambia: ni ugonjwa wa kumbukumbu, hauponi, unakwenda mbele tu. Majirani wanasema karogwa. Siku hizi anaamka, anamtafuta Bernadeta chumbani. Bernadeta ndiye binti yao. Yuko Mwanza. Mzee alimfukuza mchumba wa binti huyo hapohapo uani, binti akaondoka naye, wakaoana bila baraka. Baba na mtoto hawajasemeshana toka hapo. Mama peke yake ndiye anayepigiwa, tena kwa kuvizia.

Nikamwuliza, kwa hiyo aache kazi? Mama Josephina akanijia juu. Nisimwachishe! Siku asipokwenda kule Bigwa anakaa kutazama ukuta.

Mzee alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema, polepole:

"Mwanangu, najua. Usidhani sijui."

Akaendelea:

"Yale mnayozozana na Huzefa, ya mtu kupoteza kumbukumbu. Niandikie mimi. Nikisahau mbele ya kamera, nani atajua kama nimesahau?"

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Na nani, sijui. Labda na lile zulia langu la kikaoni!

Jumanne, 22 Julai

Nimeomba kile nilichokikataa. Huzefa alicheka mpaka akakaa chini. Eti si ulisema ni upuuzi? Nikasema nimefikiria upya, watu watapenda. Nikamwambia Bwana Maximilian ateleze kwenye bwawa la kuogelea. Akafurahi mno. Akaagiza boza la maji siku hiyohiyo, maana bwawa letu ni kavu tangu tulipolikodi, lina majani na chura mmoja.

Sikumwambia sababu. Naona aibu — nimeuza ugonjwa wa mtu kama wazo zuri.

Ijumaa, 25 Julai

Leo tumerekodi ya bwawa.

Mzee hakulowa, tulimwonyesha ukingoni mwa bwawa tu, na taulo. Halafu sebuleni, kochi la dhahabu, Vanessa anaingia. Skripti yangu ilikuwa nusu ukurasa tu, mzee aseme chochote. Akamtazama. Akasema samahani, binti, nakufahamu lakini jina limenitoroka kidogo, usilitaje, litakuja lenyewe. Kwa heshima kabisa! Huku anapapasa mfuko wa koti kama vile jina limo humo. Shakila alitokwa na machozi ambayo sikuyaandika.

Huzefa alisahau kusema "kata".

Mzee akaja kwangu, mwepesi kama kijana. Akaniuliza, nimeweza? Nikasema umeweza, baba.

Tangu tuanze, hii ndiyo sini ya kwanza ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuiamini.

Jumapili, 27 Julai

Huzefa kaweka kipande mtandaoni. Nimesoma komenti badala ya kwenda misa ya pili. Wamemponda! Mmoja: mzee anazidisha, mtu hasahau hivyo. Mwingine: mbona anaongea kwa adabu, aliyepoteza kumbukumbu huwa anapiga kelele. Mwingine, wa Kihonda, eti mwandishi hana utafiti. Hana utafiti!! Na huyohuyo chini yake kaandika kwamba yeye alilia siku nzima Brayan aliporudi kutoka Dubai.

Nimetupa simu kitandani. Nimefua mapazia yote.

Jumatatu, 28 Julai

Kikao. Huzefa anataka mzee apone. Taa kubwa ya sebuleni imwangukie kichwani, akumbuke kila kitu, atoe hotuba ya kurasa nne, amtaje aliyemsukuma bwawani — eti sasa hakuteleza, alisukumwa. Wadhamini wanataka mwisho wa furaha.

Nikasema hapana. Akasema ndiyo. Nikasema hawezi kurasa nne. Akasema basi tumtafute mzee mwingine, tutasema alifanyiwa upasuaji wa sura. Hapo nikapiga meza! Nikamwambia yote. Mzinga, hospitali, Bernadeta, kila kitu, mbele ya Shakila.

Huzefa akafunga laptop. Nilitegemea anifukuze. Akasema bibi yake, Shirin, mwishoni alikuwa akimwita kwa jina la marehemu mumewe, akimlaumu kwa kuchelewa dukani. Na yeye, mtoto, alikuwa akijibu, naja, naja.

Halafu akanigombeza kwa kumficha, na alikuwa na haki.

Tumekubaliana: taa isianguke. Mstari mmoja tu. "Vanessa, mwanangu, nimekukumbuka." Shakila atamshika mkono na kumnong'oneza kama akikwama. Nimepiga simu kwa Mama Josephina, karidhia.

Bado ni uongo. Hakuna anayekumbuka hivyo. Lakini ni uongo mdogo kuliko taa.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika nimekaa kwenye ngazi za jiko la jumba. Ni mchana.

Mzee alikuja vizuri, kavaa suti ya Bwana Maximilian, anatania. Akakaa kwenye kochi. Shakila akaingia na lile gauni lake la kijinga la mkurugenzi wa meli, akapiga magoti, akamshika mkono. Huzefa akasema "endelea".

Mzee akamwangalia muda mrefu. Shakila akanong'ona mstari. Hakuusikia, au hakuutaka. Akasema:

"Bernadeta. Umekuja na basi la ngapi?"

Shakila akanitazama. Huzefa akanitazama. Watu wote wanamtazama mwandishi! Shakila akajibu mwenyewe, sauti kama si yake: "La asubuhi, baba."

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Na mwenzio yuko wapi? Siku ile nilikuwa na hasira tu. Mwambie aingie, asikae nje na baridi hii."

Kamera ilikuwa bado inakwenda. Niliona Huzefa anaiona — sini ya maisha yake, bure, mbele yake. Akanyoosha mkono akaizima mwenyewe. Akavua hedifoni. Akaenda akasimama dirishani, mgongo kwetu.

Nikampigia Mama Josephina. Kaja na bodaboda, kanga begani, hajavaa hata viatu vya kutokea. Amemkuta mumewe bado kashika mkono wa Shakila, hamwachii. Shakila hajanyanyuka, magoti yameshakufa ganzi, anasema hajali. Nikamweleza mama yote mzee aliyosema, neno kwa neno. Ndiyo kazi yangu, nakumbuka mistari.

Mama akalia kidogo, akajifuta na kanga. Akatoa simu. Akaja hapa kwenye ngazi, akakaa pembeni yangu. Namba ya Bernadeta ilikuwa imeshatokea kwenye kioo, kidole juu yake.

"Rahel, wewe unajua maneno. Nimwambie nini? Baba yake amesamehe, au amesahau?"

Sijajibu.

Amepiga hivyohivyo. Haikupokelewa. Anapiga tena. Kule sebuleni mzee anamwuliza Shakila mbona mumewe haingii, na Huzefa amekwenda mlangoni, ameufungua wazi, kasimama tu hapo.