Bomu Lisilo na Kishindo

Jumapili usiku, Chanji

Eti jana kwenye filamu, bomu la nyuklia lilipolipua meli ya maadui huko angani, kishindo kilitikisa mabenchi ya kibanda cha video! Ndivyo mume wangu alivyowasimulia watoto tukila ugali, mashavu yamejaa upepo.

Kaka yangu, aliyekuwa kibandani jana hiyo hiyo, alikuwa ameshanichekesha mchana. Bomu lililipuka kimya, mwanga mweupe tu. Watu wakadhani spika imekufa, wakapiga miluzi, wakamtukana mwenye video.

Mume wangu hakuitaja hiyo miluzi. Na sweta lake linanuka moshi wa kuni. Sisi tunapikia mkaa.

Naogopa kumuuliza. Mwanetu Deo ndiye aliyeuliza, "Baba, nani alishinda?"

Kabla ya kujibu, alinitazama mimi.