Kipimo Kimepanda Tena

Alhamisi

Daktari ameniambia kipimo cha damu kimepanda tena, ingawa sindano ya kuzima homoni za kiume sijaikosa hata mara moja. Akauliza kama natumia dawa nyingine yoyote. Nikamwapia kwamba situmii.

Nimerudi nyumbani na hasira. Nimevumilia kutokwa na jasho kwenye baridi hii ya Mbeya, kifua kimevimba kama cha msichana, na kitandani sina nguvu. Yote hayo ili saratani ya tezi dume ilale. Na haijalala.

Mke wangu alikuwa anajua nachomwa sindano ya tatizo la mkojo tu. Ndivyo nilivyomwambia, kwa aibu. Leo nikamweleza yote.

"Baba Tumaini, mimi nilidhani umenichoka. Nilinunua dawa ya nguvu za kiume pale sokoni Mwanjelwa, ile ya unga. Huwa nakuwekea kwenye uji."

Nikampigia daktari. Amesema baadhi ya dawa hizo zina homoni ileile wanayojaribu kuizima, niache leo hii. Lakini kama ni unga uliopandisha kipimo, au ugonjwa wenyewe umeizoea sindano, hajui. Tutapima tena.

"Kwa hiyo nimekuua?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia hapana. Nilijibu haraka, kabla sijafikiri.

Unga ameumwaga chooni. Sasa analia jikoni, namsikia, na bado sijaweza kuinuka nikakae naye.