Nilikuwa Nakiambia Kiatu

Ilala, Dar es Salaam

Mke wangu Mama Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mwanetu. Mimi mwili mzima, ila uso ndio sina pa kuuweka. Kifua cha Rehema kimepoa? Na mama, miguu bado inamvimba?

Barua hii nimempa kaka yako, anasafiri kesho, kwa kuwa simu zangu hupokei. Mara ya mwisho ulipopokea ulisema, "Mwenzangu si yuko huko? Ongea naye," ukakata. Nikabaki nimesimama katikati ya soko la Mchikichini, simu sikioni, najifanya bado naongea ili majirani wasijue.

Naomba nikueleze neno hilo limetoka wapi, maana lilitoka kinywani mwangu.

Siku ile mvua kubwa ilinyesha mchana. Viatu vyangu vya mtumba, kama unavyojua, navipanga chini kwenye turubai, pembeni ya mtaro. Maji yakafurika ghafla, yakaanza kuvibeba. Nilikuwa nimemtengea Rehema viatu vyeusi vya shule, karibu vipya kabisa. Cha kushoto nilikiwahi. Cha kulia kikaondoka kinaelea. Nikaingia mtaroni na suruali yangu, nikatambaa kwa magoti kwenye maji machafu, nimekiinua kile cha kushoto juu, napiga kelele: "Rudi wewe! Mwenzako yuko huku! Mwenzako yuko huku!"

Nilikuwa nakiambia kiatu, mke wangu. Mtu akichanganyikiwa husema lolote. Kikaingia chini ya kalavati, sikukiona tena.

Kumbe kijana mmoja alikuwa ananirekodi. Jioni ile ile video ikawa kwenye simu za watu. Mwanzoni ulikuwa utani tu. Konda akiona abiria kamwacha rafiki yake kituoni, "Oyaa, mwenzako yuko huku!" Hata mimi nilicheka. Halafu wahuni wakaligeuza. Sasa mwanamume akionekana na mwanamke asiye wake, mkewe ndiye anaambiwa hivyo.

Kisha mwimba singeli mmoja wa mtaani kwetu akalifanya jina la wimbo. Alinifuata na soda mkononi.

"Mzee baba, umetupa neno!"

"Lakini nilikuwa nakiambia kiatu," nikamjibu. "Nina mke mimi. Basi kitaje hata hicho kiatu humo ndani."

Akacheka sana. "Kiatu hakibambi, mzee. Watu wanataka mapenzi."

Soda nikainywa. Sikujua kwamba wimbo utafika huko nyumbani Newala kabla yangu.

Kaka yako, alipopigiwa simu kutoka huko, ndiye aliyeniambia kwamba kisimani wanawake wanakuimbia. Akaniambia pia baba mkwe ameiona ile video, ameitazama mpaka mwisho, kisha akamrudishia mwenyewe simu yake. Mtu mzima, baba wa mtoto, natambaa mtaroni mbele ya mkwe wangu! Tangu nisikie hilo nawahi sokoni kabla watu hawajajaa, na kofia naishusha mpaka kwenye nyusi. Mteja akinikazia macho, nainama, nasingizia napanga viatu.

Mwanamke huku sina. Nalala chumba kimoja na kaka yako. Huyo hapo amekuletea barua, muulize.

Nisalimie shangazi anayetusaidia kumlea Rehema, na dada yako mshonaji. Baba mkwe mpe shikamoo yangu. Asipoitikia, usimlazimishe.

Nimepata nafasi kwenye basi la Ijumaa. Najua stendi watoto watanizunguka na wimbo wao, kwa hiyo usije kunipokea, nisikutie aibu mara ya pili. Nitapita njia ya nyuma, ya kwenye mikorosho. Nikipiga hodi, itikia tu, hata kama hujaamua kunifungulia mlango.

Ni mimi mumeo,
Baba Rehema